Jumatano Tutakuwa Kanisani

Neno la leo ni refu kidogo kuliko ilivyo kawaida yetu, kwa hivyo kama uko ndani ya matatu na bando linakaribia kuisha, lihifadhi ulisome jioni ukitulia.

Kuna pendekezo ambalo limekuwa likizunguka kati yetu kwa miezi kadhaa sasa, na wengi mmenitumia ujumbe mkitaka kujua msimamo wangu. Pendekezo ni hili: maombi ya Jumatano jioni yaondolewe kwenye ratiba. Badala yake kila mtu aombe pale alipo, mahitaji yawekwe kwenye kundi la WhatsApp, na mchungaji arekodi sauti ya dakika 5 ya kuwaombea wote. Sababu zilizotolewa si za kipuuzi. Wanaokuja Jumatano ni wachache, wakati mwingine hatufiki 20. Nauli ya jioni inapanda, na mvua ikinyesha inapanda mara mbili. Akina mama wanaogopa kutembea gizani. Umeme ni pesa, mlinzi ni pesa. Nimezisikia zote, na walioleta hoja hizi ni watu wanaolipenda kanisa, tena wengine wananishinda kulipenda.

Lakini mmeniuliza msimamo wangu, nami nitausema bila kuzunguka. Kuna vitu vingi ningeviachilia kabla ya Jumatano. Ningeunganisha ibada mbili za Jumapili ziwe moja, tubanane kwenye viti. Ningeahirisha kununua hivyo vipaza sauti vipya tunavyovichangia. Jumatano ningeishikilia mpaka wa mwisho. Wacha niwaeleze kwa nini, kisha mnijibu.

Hoja ninayoisikia zaidi inatoka ndani ya Biblia yenyewe. Mtu ananiambia, "Pasta, Yesu alisema ukitaka kuomba ingia chumbani ufunge mlango." Kweli, iko Mathayo 6:6, na sitaipunguza hata kidogo. Mtu anayeomba mbele za watu tu, na akiwa peke yake hana neno la kumwambia Mungu, huyo anaigiza. Lakini usifunge Biblia hapo. Shuka mistari mitatu tu. Yesu yule yule, katika mafundisho yale yale, anawapa wanafunzi maombi ya kuomba, na ndani yake hakuna "mimi" hata moja. Sisi tunaosoma Kiswahili tunaliona hili wazi kabisa. Baba ni wetu. Mkate ni wetu. Makosa ni yetu. Chukua vitenzi vya maombi hayo, utupe, utusamehe, utuokoe, utaikuta ile silabi ndogo "tu" imeketi katikati ya kila kimoja. Kwa hivyo hata ukijifungia chumbani peke yako na ufunguo umeuweka mfukoni, Yesu anakuagiza uingie na wenzako mdomoni. Huwezi kuomba mkate wako kwa maombi hayo bila kuomba wa jirani yako, hata yule jirani ambaye hamsalimiani.

Halafu tazama walivyoishi wale waliomsikia kwa masikio yao. Kitabu cha Matendo kimejaa saa. Siku ya Pentekoste Petro anawajibu wenye dhihaka kwamba ni saa tatu tu ya mchana (2:15). Petro anapanda darini kuomba saa sita (10:9). Kornelio anaomba nyumbani kwake saa tisa (10:30). Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna baraka ndogo ambayo hatuitambui: tunahesabu saa kuanzia macheo, kama walivyohesabu Wayahudi. Mzungu akisoma "saa ya tisa" inabidi apige hesabu ajue ni saa ngapi kwake. Wewe unaisoma na unaijua papo hapo: ni alasiri, jua limeanza kulegea, watoto wadogo wanatoka shule.

Na ni saa hiyo hiyo ya tisa, Matendo 3:1, ndipo Petro na Yohana wanapanda kwenda hekaluni, kwa sababu ilikuwa saa ya kusali. Mlangoni wanamkuta yule kiwete. Tumehubiri muujiza ule mara nyingi, lakini mstari wa kwanza tunaurukaruka. Wale mitume hawakutoka nyumbani wakitafuta muujiza, wala hawakusikia sauti ikiwaambia leo piteni mlango uitwao Mzuri. Walikuwa wanawahi maombi. Ilikuwa desturi yao. Kama siku hiyo wangesema "tuombe kila mtu alipo", yule mtu angeendelea kuketi pale akiomba sarafu.

Najua sisi Wapentekoste neno "desturi" linatuwasha. Tuliokoka tukakimbia desturi. Tunasema Roho ni kama upepo, huwezi kumwekea ratiba. Amina, Roho huwezi kumwekea ratiba. Wewe mwenyewe je? Danieli alipojua kwamba hati imetiwa sahihi na shimo la simba linamngoja, aliingia nyumbani akapiga magoti mara tatu kwa siku, na Biblia inaongeza maneno ambayo ndiyo uzito wa mstari wote: ndivyo alivyokuwa akifanya tangu hapo (Danieli 6:10). Hakuanza kuomba kwa sababu ya simba. Simba walimkuta tayari ana mazoea. Wengi wetu tunaanza maombi siku simba anaponguruma: barua ya kuachishwa kazi imekuja, daktari ameita tena, mwenye nyumba ameweka kufuli. Mungu ni mwenye rehema na anasikia hata maombi ya siku hiyo. Lakini mtu anayejifunza kuogelea siku ya mafuriko anajitesa bure.

Dada yangu, wewe uko kwenye chama. Kinakutana Jumapili ya pili ya mwezi saa nane kamili. Ukichelewa dakika 10, faini shilingi 50. Usipofika bila taarifa, shilingi 200, na jina lako linasomwa. Hujawahi kumwambia mweka hazina kwamba mwezi huu utachanga ukisikia kuguswa. Hujawahi kusema "mimi nitajiwekea yangu peke yangu nyumbani, Mungu anajua moyo wangu", kwa sababu unajua vizuri kwamba ile ya nyumbani itaisha kwa sukari na vocha ya simu. Ni kundi linalokushikilia siku ambayo wewe mwenyewe hujisikii. Nami sisemi tuanze kutozana faini kanisani, ingawa mzee mmoja alilipendekeza na nikacheka mpaka machozi. Nasema tu kwamba nidhamu tunaijua. Tumeipeleka mahali pengine.

Twende Matendo 12, maana sura hii ndiyo inayonishikilia mimi binafsi. Herode amemuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Ameona inawapendeza watu, akamkamata na Petro. Amemweka chini ya vikosi vinne vya askari wanne wanne, yaani watu 16 kumlinda mvuvi mmoja. Amefungwa minyororo miwili, askari huku na askari huku. Na usiku ule wa mwisho kabla ya kutolewa, watu wengi wamekusanyika nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, wanaomba.

Yanayofuata unayajua. Malaika, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Petro anafika mlangoni, anabisha. Msichana Roda anaitambua sauti yake, anafurahi hata anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia. Na lile kundi la waombaji hodari linamwambia nini? Linamwambia ana wazimu. Akikazana, wanasema labda ni malaika wake. Petro yuko nje anaendelea kubisha!

Kila mara ninaposoma hapo natiwa moyo. Wale watu hawakuwa majitu ya imani. Wameomba usiku kucha jambo fulani, na jambo limesimama mlangoni linabisha, nao wanabishana kama linawezekana. Imani yao ilikuwa ndogo kuliko mahudhurio yao. Na Mungu alifungua gereza. Hapo ndipo wewe unayesema "mimi siji Jumatano kwa sababu sina upako wa maombi kama fulani" unapoishiwa na udhuru. Njoo na imani yako ya nusu kikombe. Mwenzako naye ana robo. Tutaiunganisha.

Lakini sitaki kuificha sehemu ngumu ya sura hiyo. Petro alitoka, Yakobo aliuawa. Biblia haituambii kanisa liliomba vipi kwa ajili ya Yakobo, na mimi sitajaza pengo ambalo Luka ameliacha wazi. Sisi wenyewe tumewahi kukesha kwa ajili ya mtu na baada ya siku tatu tukabeba jeneza lake. Mmekuwepo. Kwa hivyo sitawaahidi kwamba tukifika watu 50 Jumatano basi kila gereza litafunguka. Maombi si mashine ya kutoa pesa kwamba ukibonyeza namba sahihi inatema. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usiku ule ambapo Yakobo hayupo tena na Petro yuko kifungoni, hakuna aliyekuwa akilia peke yake. Walikuwa na nyumba ya kwenda.

Hapa nitaleta jambo la karibu, bila jina. Kuna mama kati yetu ambaye mtoto wake alilazwa mwaka huu. Siku ya Jumatatu aliandika kwenye kundi letu: mwanangu amelazwa, niombeeni. Nilihesabu baadaye. Alipata alama 64 za mikono iliyokunjwa, "amina" nyingi, na "Mungu ni mwaminifu" saba. Hakuna aliyeuliza ni hospitali gani. Hakuna aliyeuliza wodi. Si kwamba hatumpendi; simu ndivyo ilivyo, inakuruhusu kumaliza wajibu wako kwa kidole gumba kabla ya kushuka kwenye matatu.

Jumatano yule mama akaja, amechoka, leso imelowa mvua. Tulikuwa watu 14. Tukamzunguka, tukaomba, sauti zote pamoja kama tunavyofanya. Tulipomaliza ikawa kimya kidogo, na mama mmoja mzee akamuuliza, "Nani analala na mtoto leo?" Kumbe yeye mwenyewe hajalala kitandani tangu Jumapili. "Na hawa wengine wawili umewaacha na nani?" Kumbe wako kwa jirani, na jirani anasafiri kesho. Kabla hatujafunga kwa neema, ratiba ya wiki nzima ilikuwa imeandikwa nyuma ya bahasha ya sadaka: nani analala hospitalini, nani anapika, nani anapeleka watoto shule. Kijana mmoja wa bodaboda akasema yeye atabeba chakula bila malipo.

Sasa niambie, maombi yale yalijibiwa saa ngapi? Mtoto alipona baada ya wiki tatu, tunamshukuru Mungu, na madaktari na wauguzi tunawashukuru. Lakini mimi nilimwona Mungu akianza kujibu pale pale, katika lile swali la "nani analala na mtoto". Swali hilo linahitaji kumwona mtu usoni. Linahitaji ukimya baada ya kuomba, wakati ambapo watu bado wako chumbani pamoja na hakuna wa kukimbia.

Chuoni tulifundishwa neno moja la Kigiriki ambalo sijalisahau, homothumadon. Biblia zetu zinalitafsiri "kwa moyo mmoja" au "kwa nia moja". Karibu mara zote linapotokea katika Agano Jipya liko kwenye Matendo. Wale wanafunzi waliodumu kusali pamoja na wanawake na Mariamu mama yake Yesu (1:14), walikuwa homothumadon. Kanisa lililopaza sauti baada ya Petro na Yohana kutishwa (4:24), homothumadon, na mahali pale pakatikisika. Wahubiri tunalipenda sana neno hili. Mara chache tunawaambia watu kwamba Luka analitumia pia kwa wale waliomrukia Stefano wakampiga mawe (7:57), na kwa ile ghasia ya Efeso iliyokimbilia uwanjani (19:29). Nao walikuwa na moyo mmoja!

Kwa hivyo umoja peke yake si utakatifu. Na Mkenya hahitaji kuambiwa hivyo kwa Kigiriki. Mwaka 2023 tulikaa mbele ya runinga tukiona miili ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mpaka ikapita 400. Walikuwa watu wa kufunga. Walikuwa watu wa kuomba pamoja. Tangu hapo kila ninapotangaza mfungo naona macho ya baadhi yenu, na wazazi wenu wasiookoka wananipigia simu kuuliza mnafunga siku ngapi. Wana haki ya kuuliza, na ni vizuri waulize.

Tofauti iko wapi basi? Mimi naiona katika neno moja dogo la Yakobo 5:14. Mgonjwa anaambiwa awaite wazee. Wazee, si mzee. Yakobo haelekezi mgonjwa kwa mtu mmoja mwenye mafuta maalumu. Na mstari wa 16 unaendelea kusema muungamiane na kuombeana, yaani nami mchungaji naungama kwako, nawe unaniombea. Maombi ambayo mtu mmoja peke yake ndiye anaomba na wengine wote wanapokea, hayo si maombi ya kanisa. Mahali mlango umefungwa, ukiuliza unaambiwa huna imani, mtoto hapelekwi kliniki, na hujui mwenzako anaitwa nani nyumbani kwao, toka. Toka haraka, hata kama ni kwangu. Ndiyo maana Jumatano zetu huongozwa kwa zamu, na mara nyingi mimi hukaa nyuma. Ndiyo maana madirisha yako wazi, ingawa majirani hawapendi sauti zetu na wana haki yao ya kulala pia. Na ndiyo maana sauti yangu ya dakika 5 kwenye simu haiwezi kuchukua nafasi ya Jumatano: ingewafanya ninyi kuwa wasikilizaji na mimi kuwa fundi wa maombi. Huo mlango sitaki kuufungua hata kidogo. Nchi hii ina mafundi wa maombi wa kutosha, wenye namba za kutuma sadaka kabla hawajakusikia shida yako.

Wacha niseme pia jambo la makabila, kwa sababu mwaka 2027 unakuja na tayari nasikia lugha ikianza kubadilika kwenye vikundi vyetu. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa la Kenya Assemblies of God lilichomwa moto watu wakiwa wamekimbilia ndani, wengi wao akina mama na watoto. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste kama hili letu. Sikumbushi hili ili kumtonesha mtu kidonda. Nakumbusha kwa sababu Jumapili haitoshi kutuchanganya. Jumapili unaweza kukaa safu moja na mtu miaka sita, mkaimba, mkatoa sadaka, mkarudi nyumbani bila kujua analilia nini. Ukishamsikia mtu akilia mbele za Mungu kwa ajili ya mwanawe aliyepotelea kwenye pombe, na ukaweka mkono begani mwake, siku ya siasa utashindwa kumwita "hao watu".

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Uamsho ule ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukafika kwetu Kenya kabla muongo ule haujaisha. Nguvu yake haikuwa mikutano mikubwa tu. Ilikuwa ule ushirika wa kila wiki ambapo ndugu walikaa, wakaungama dhambi kwa majina yake, wakaombeana. Ilipofika Hali ya Hatari mwaka 1952, wengi wao walikataa kula kiapo, na wako pia waliokataa kushika bunduki upande wa serikali, na baadhi yao walilipa kwa damu. Ujasiri wa namna hiyo hauji siku ya hatari. Walikuwa wamezoea kushikana mikono kila wiki kwa miaka mingi.

Ukitaka mfano wa mbali zaidi, soma habari za Herrnhut, kijiji kidogo cha wakimbizi huko Ujerumani. Mwanzoni walikuwa wagomvi kwelikweli, kila kundi na mafundisho yake. Mwaka 1727 Mungu aliwatembelea, wakapatana, na mwezi Agosti huo huo ndugu 24 na dada 24 wakagawana saa za siku, kila mmoja na saa yake ya kuomba, mchana na usiku. Mnyororo ule uliendelea zaidi ya miaka 100. Hebu fikiria, waliouanzisha walikufa wote na ratiba ikaendelea. Baada ya miaka mitano tu wakaanza kutuma wamisionari, wa kwanza wakaenda visiwa vya Karibi, na mwaka 1891 Wamoravian wakafika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, ambako kanisa lao ni kubwa mpaka sasa. Sijui mtu angewezaje kuwaambia wale ndugu 48 kwamba ni wachache mno, wafunge.

Narudi kwenye simu, nisije nikaeleweka vibaya. Sina ugomvi nayo. Hata neno hili unalisoma humo. Mwaka 2020 makanisa yalipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, simu ilitubeba. Julai tuliporuhusiwa kurudi, ilikuwa watu 100 na saa moja tu, na wazee wetu wa zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Simu iliwafikia. Na tunao dada zetu walioenda Riyadh na Doha kufanya kazi za nyumbani, wengine hawana siku ya mapumziko, na Saudia hakuna hata jengo moja la kanisa la kukimbilia. Kwa dada huyo, simu iliyofichwa chini ya mto ndiyo nyumba ya Mariamu mama yake Marko. Saa yao na ya Nairobi ni moja, kwa hivyo kila Jumatano simu itawekwa mezani katikati yetu ili aombe nasi na sisi tumtaje kwa jina. Na wewe muuguzi wa zamu, wewe mlinzi wa usiku, wewe mama mwenye mtoto wa wiki mbili, hatukuhesabu kuwa mvivu. Utapewa saa yako pale ulipo, kama wale wa Herrnhut, na mtu atakupigia kukuuliza imekuwaje.

Ninayemlenga ni yule aliye dakika 15 kutoka kanisani, ana nguvu, ana nauli, Jumatano jioni yuko kwenye kochi akitazama mechi ya marudio, kisha anaandika "amina" wakati wa mapumziko. Ndugu yangu, nakupenda, lakini wewe ndiwe tuliyekukosa kwenye ile bahasha.

Kuhusu zile sababu za kweli, wazee na mimi tumekaa tukakubaliana hivi, na tutajaribu kwa miezi mitatu. Tutaanza saa kumi na moja na nusu kamili, hata tukiwa watatu. Saa moja kasoro dakika 10 tunafunga kwa neema, hata kama kuna mtu bado ana moto. Atawaka akienda nyumbani. Neno halitazidi dakika 10, na hili najiambia mimi kwanza. Hakutakuwa na sadaka Jumatano. Wanaoelekea upande mmoja watatembea pamoja hadi stendi, na vijana wawili watawasindikiza akina mama mpaka wapande gari. Mahitaji yataandikwa kwenye daftari moja, upande wa kushoto ombi na tarehe, upande wa kulia pabaki wazi mpaka tujue Mungu alifanya nini, hata kama jibu lilikuwa la kuumiza. Daftari hilo halipigwi picha. Linalosemwa Jumatano halifiki saluni wala kwenye chama, na atakayelipeleka huko nitazungumza naye mimi mwenyewe.

Wanaofanya biashara sokoni wameniambia saa hiyo ndiyo wateja wanapotoka kazini. Hilo bado hatujalipatia jibu. Labda kundi lao liombe saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kuchukua mboga. Mwenye wazo anipigie.

Na wewe ambaye bado unaona nimekosea na Jumatano inafaa ihamie kwenye simu, sikukatazi kuniambia. Njoo nayo hoja yako Jumatano. Tutaomba kwanza, kisha tukae mimi nawe pale nyuma tuizungumze mpaka mlinzi atufukuze.

Mchungaji wenu.